Familia ya wakimbizi iliyoandamwa na majirani wakati wa korona hapa Tanga: nani apeleke malalamiko?

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu linahusu watu walio hai, na baadhi yao bado tunaishi nao humu mjini. Kila unapotangazwa ugonjwa wa mlipuko, kama ilivyokuwa kwa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, nasikia vijiweni maneno yale yale niliyoyasikia mwaka 2020: kwamba maradhi yanaletwa na wageni, na kwamba wageni wenyewe wanajulikana wanapoishi. Mwaka ule maneno hayo yaliishukia familia moja niliyokuwa nikipanga nayo nyumba moja hapa Tanga. Sitautaja mtaa wala jina la mtu yeyote.

Nyumba ilikuwa ya uswahilini kama zilivyo nyingi: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani bomba moja na choo cha kuchangia. Mimi nilikuwa na chumba cha mbele. Familia hiyo ilikuwa na vyumba viwili vya nyuma, baba, mama, watoto, na bibi mzaa baba. Baba ni fundi baiskeli, kazi ambayo Tanga haikosi wateja, na mkewe alikuwa akikaanga vitumbua na bajia mbele ya nyumba. Ni Wazigua waliotoka Somalia. Baba aliletwa akiwa mtoto, baada ya vita vya mwaka 1991, akalelewa katika makazi ya wakimbizi ya Mkuyu na kisha Chogo, wilayani Handeni. Yeye na mama yake wamekwisha kupewa uraia. Mkewe, aliyefika miaka mingi baadaye, alikuwa bado mkimbizi na aliishi mjini kwa kibali chenye muda maalumu. Naomba msomaji alishike hilo la kibali, kwa kuwa ndilo lililowafunga mdomo.

Tanzania hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Horohoro, ambako usiku watu walizuiwa kutoka na, kuanzia Aprili 2020, kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi kulipigwa marufuku. Kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi, na kesho yake shule zikaanza kufungwa. Masoko yaliendelea, misikiti na makanisa yaliendelea. Hata hivyo watoto wote walirudi nyumbani, nasi walimu tukarudi nyumbani, na biashara za watu wengi zikalala, kwa hiyo nyumba iliyozoea kuwa tupu hadi saa kumi jioni ikawa na watu kutwa nzima, wanatazamana uani, wanahesabiana chafya.

Takwimu za mwisho za kitaifa za mwaka ule zilitolewa tarehe 29 Aprili. Baada ya hapo kila mtu alijitafutia habari zake mwenyewe, na habari zilizopatikana kwa urahisi zilikuwa za uvumi. Tarehe 16 Mei Kenya ikafunga mipaka yake na nchi mbili, Tanzania na Somalia, isipokuwa kwa malori ya mizigo ambayo madereva wake walitakiwa kupimwa. Kutajwa kwa Somalia katika tangazo moja na sisi kulitosha. Jioni ile ile nilisikia barazani kwamba vyumba vya nyuma vinapokea wageni usiku wa manane, wanaoshushwa na majahazi katika bandari bubu za huku kaskazini. Nililala nyumba hiyo miezi yote hiyo na sikuona mgeni hata mmoja.

Lakini usumbufu ulikuwa umeanza kabla ya tangazo hilo, na ulianzia bombani. Mama yule aliambiwa achote maji baada ya wengine wote, kisha akaambiwa asiguse koki kwa mkono mtupu, kisha ndoo zake zikawa zinatolewa kwenye foleni na kusukumwa ukutani. Watoto wake wakapewa jina la Korona, na waliowaita hivyo hawakuwa watoto wenzao tu. Kuna kijana wa mtaani aliyekuwa akija jioni, anafungiwa vitumbua, anaondoka bila kulipa, na alipoulizwa pesa alijibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba anaifahamu njia ya kwenda Uhamiaji.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili. Kama alivyozoea kila mwaka, mama alimtuma binti yake wa kati ampelekee jirani wa chumba cha pili futari, sahani ya muhogo wa nazi na kaimati chache, juu yake kawa. Mtoto alirudi na sahani ile ile na kawa haijafunuliwa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka jamvini, akamwambia mtoto akanawe aje ale, na hakuuliza lolote. Bibi, ambaye maneno yake mengi yalikuwa Kizigua, aliuliza, na hakujibiwa.

Katikati ya Mei yakaanza mawe juu ya bati, usiku, upande wa vyumba vya nyuma pekee. Nilimwendea baba nikamshauri aende ofisi ya serikali ya mtaa. Jibu lake nalikumbuka vizuri: "Mwalimu, nikifika pale, kabla ya kuulizwa nimetendwa nini nitaulizwa karatasi za mke wangu." Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na anayetoka nje ya eneo hilo awe na kibali. Kibali cha mkewe kilikuwa kinakaribia kwisha, na ofisi zilikuwa zikifanya kazi kwa kusuasua kwa sababu ya ugonjwa. Kwa maneno mengine, aliyekuwa akirusha mawe alijua kwamba anayerushiwa hawezi kupiga kelele.

Tulichofanya ni hiki. Wapangaji wa vyumba vya mbele, pamoja na mama mmoja wa nyumba ya jirani, tuliandika barua ya malalamiko kwa majina yetu wenyewe. Tulieleza kwamba nyumba tunayoishi inapigwa mawe usiku, kwamba bomba tunalolilipia kwa kuchangiana linazuiwa, na kwamba wapo watu wanaowatishia wapangaji wenzetu na kuchukua bidhaa bila kulipa. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila aliyetia saini alikuwa ameona kwa macho yake au amesikia kwa masikio yake. Familia haikuwa mlalamikaji, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya mtu kuomba karatasi za mke wa fundi. Mwenyekiti aliitisha kikao, kijana wa vitumbua akaitwa pamoja na mzazi wake, na mawe yakakoma.

Hoja yangu ni kwamba penye familia ya namna hii, wanaopaswa kulalamika ni sisi wenye vitambulisho. Nawaomba mawazo yenu, hasa kutoka kwa mnaojua sheria na mnaojua uongozi wa mitaa.

Mchangiaji wa Ngamiani

Mwalimu, ahsante kwa uzi. Nakubaliana nawe kuhusu mawe na kuhusu yule kijana, ambaye kwangu mimi ni mwizi tu. Lakini naona umewahukumu majirani wote kwa kipimo kimoja. Mwaka ule na mwaka uliofuata tulizika watu. Hospitali watu waliziogopa, kila nyumba ilikuwa na sufuria ya nyungu ya kujifukizia jikoni, malimau na tangawizi vilipanda bei, na hatukuwa na pa kuuliza nani anaumwa na nani haumwi. Mtu mwenye mama mgonjwa wa pumu ndani ya nyumba ya bomba moja na choo kimoja ana haki ya kuogopa. Yule aliyerudisha sahani ya futari huenda hakuwa na chuki yoyote, bali hofu tu. Usimweke fungu moja na mrusha mawe.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hofu ilikuwa ya kweli na mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Ninachokipinga ni namna ilivyochagua pa kwenda. Katika nyumba ile ile alikuwapo mpangaji mwingine, utingo wa lori la mizigo, kijana wetu wa hapa hapa Tanga, ambaye kila wiki alikuwa Horohoro akikaa siku nzima kwenye foleni ya malori pamoja na madereva kutoka kila upande. Kama kulikuwa na mtu mmoja kati yetu aliyekuwa kwenye hatari ya kuuleta ugonjwa uani, alikuwa yeye. Akirudi alioga, akachota maji kwa zamu yake kama kawaida, akala futari katika sinia moja na wenzake, na hakuna aliyeisukuma ndoo yake ukutani. Wala sisemi angefanyiwa hivyo. Nasema kwamba, kama tungeogopa ugonjwa wenyewe, tungeweka ndoo ya maji tiririka na sabuni mlangoni kwa watu wote, tungepanga zamu za bomba ili watu wasibanane, na tungeanza na yule aliyekuwa akisafiri. Fundi baiskeli na mkewe walikuwa hawatoki nje ya mtaa.

Kuhusu aliyerudisha sahani, nakubali kwamba hakurusha jiwe. Hata hivyo mrusha mawe alianza baada ya kuona kwamba familia imekwisha kutengwa na kila mtu, na hapo ndipo alipopata ujasiri.

Mkazi wa Handeni

Nimesoma kwa uchungu mkubwa, kwa kuwa mimi ni Mzigua wa huku, na watu wa Chogo nawafahamu. Naomba niongeze historia kidogo, maana naamini wengi waliowaita wageni hawakuijua.

Katika karne ya 19, wakati wa njaa kali, Wazigua wengi walitolewa katika nchi yao hii, nyuma ya mwambao wa Tanga, Pangani na Sadani, wakasafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia na kuuzwa utumwani. Wazee wetu husimulia kwamba baadhi yao walidanganywa kuwa wanapelekwa penye chakula na kazi. Walifanyishwa kazi katika mashamba ya bonde la mto Shebelle, na waliofanikiwa kutoroka walijenga vijiji vyao kando ya mto Juba, katika eneo liitwalo Gosha, ambako walilima kwa vizazi vingi na kuitunza lugha yao. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakulima hawa hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda, wakaporwa na kuuawa. Wengine walikimbilia kambi za Kenya, na kutoka huko Marekani ilichukua zaidi ya 12,000 kuanzia mwaka 2003. Wengine walishuka na vyombo vya baharini hadi hapa Tanga wakiwaambia watu kwamba wamerudi kwao.

Waliwekwa Mkuyu, karibu na Handeni mjini, kisha mwaka 2003 yakafunguliwa makazi ya Chogo ambako walipewa ardhi ya kulima, na baadaye serikali ikaanza kuwapa uraia. Bibi zetu walipokutana nao sokoni walielewana kwa Kizigua bila mkalimani, ingawa wao walikuwa na maneno ambayo huku yalikwisha kusahaulika. Kwa hiyo bibi huyo ambaye watoto wake walirushiwa mawe alikuwa amerudi katika nchi ambayo mababu zake waliibiwa. Inaniuma sana.

Mleta uzi

Ahsante sana ndugu, na laiti maneno haya yangesomwa kwenye kile kikao. Ninaongeza tahadhari moja tu. Kuna mama mmoja, baada ya kuelezwa asili yao, alisema, "Kumbe ni wenzetu, basi waachwe." Nilifurahi kwamba aliacha kuwasema, lakini niliwaza juu ya Mkongo au Mrundi asiye na bibi wa kusikilizana naye sokoni Handeni. Huyo naye mawe yasipigwe juu ya bati lake. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake, na haikuweka sharti la uraia wala la ukoo.

Aliyewahi kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa

Nimeshika nafasi hiyo kwa kipindi fulani, si katika mtaa wa mleta uzi, na ninaona njia waliyoitumia ilikuwa sahihi. Naomba nifafanue mambo ambayo watu huyachanganya.

Kwanza, watu wengi hukimbilia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ni kiongozi wa chama, anaweza kusuluhisha kwa hekima yake, lakini barua rasmi ipelekwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji wa mtaa, na ikikwama hapo iende kwa mtendaji wa kata. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Nimeona malalamiko mengi yakifa kwa sababu tu mlalamikaji hakuwa na nakala, na mwezi uliofuata hakuna aliyekumbuka kwamba alifika.

Jambo jingine ni kwamba hakuna kinachomlazimu mwenyekiti kukagua kibali cha mtu kabla ya kusikiliza kwamba ametukanwa au amepigiwa mawe. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inamshughulikia anayetoa matusi yanayoweza kuvunja amani na anayetishia wenzake kwa vurugu, na kuharibu mali ya mtu ni kosa linalojitegemea. Bati likitobolewa, mwenye nyumba naye ni mwathirika, kwa hiyo mwiteni atie saini. Mwenye nyumba akiwamo kwenye barua, uzito wake unakuwa mwingine kabisa.

Na yule anayesema "nitawaitia Uhamiaji" huku akichukua vitumbua, huyo hatoi taarifa kwa mamlaka, anajipatia mali kwa vitisho. Andikeni tarehe, saa na alichochukua, hata kama ni vitumbua vya shilingi mia tano. Polisi hawawezi kushika neno "kila siku", bali wanashika "Jumanne, saa kumi na mbili jioni".

Mama wa Chumbageni

Mwalimu, mimi nina maswali mawili na nayauliza kwa moyo safi. Je, yule mama alikuwa tayari ninyi kupeleka barua? Maana kuna watu wanaotetewa bila kuulizwa, kisha matokeo yanawaangukia wao na watetezi wanarudi kulala vyumbani mwao. Na la pili, mwenye nyumba alisemaje? Nimekuwa mpangaji maisha yangu yote, na najua kwamba mpangaji mwenye kesi hupewa notisi hata kama kesi ni ya kweli.

Mleta uzi

Mama, haya ndiyo maswali ambayo watu wa kikao hawakuyauliza.

Barua haikwenda popote kabla ya yeye kusomewa. Tulikaa naye uani, mumewe akiwapo na bibi akiwapo, tukamsomea aya kwa aya. Alituomba tuondoe sentensi moja iliyotaja Somalia na tukaiondoa. Alituomba pia tusimtaje jirani aliyerudisha sahani, kwa sababu alitaka kuendelea kuishi naye mlango kwa mlango, na hilo nalo tulilitii. Mambo mengine yote yalibaki. Nadhani yeyote anayekusudia kufanya kama sisi aanzie hapo, kwani mwenye kujua hatari yake yote ni yule aliye ndani yake.

Kuhusu kibali, mumewe alifuatilia kupitia uongozi wa makazi ya Chogo na Idara ya Huduma za Wakimbizi, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kiliongezwa muda. Nawashauri wenye ndugu wa hali kama hiyo wasisubiri hadi wiki ya mwisho, na nakala za nyaraka ziwekwe mahali pengine nje ya nyumba wanayoishi, kwa mtu wanayemwamini.

Mwenye nyumba hakutia saini. Alisema hataki kuonekana upande wowote, na baada ya Idd, mkataba wa fundi ulipokwisha, alikataa kuuongeza na vyumba akampangisha mtu mwingine. Kwa hiyo mawe tuliyazuia, lakini nyumba hatukuweza kuwalindia. Walihamia mtaa mwingine hapa hapa mjini. Watoto walibaki katika shule zao, ambazo zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni, na fundi alihamisha vifaa vyake kwenda chini ya mwarobaini mwingine ambako wateja wake wa zamani wanamfuata na baiskeli zao. Bibi aliomba arudishwe Chogo, na yuko huko.

Wapo wachangiaji watatu walioniomba nakala ya barua kwa ujumbe wa faragha. Nitaiweka hapa kesho jioni, nikishafuta majina, jina la mtaa na namba ya nyumba. Ndugu mjumbe, nitakushukuru ukiipitia kwanza na kurekebisha pale palipotajwa vifungu.